Usitupe Mbachao: Historia ya Nyumba Isiyoacha Jaa

Tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa Tanzania Bara, nilikwenda sokoni Dar es Salaam nikiwa na mkoba wa kazini begani. Nilinunua nyanya, mchicha na samaki wawili, kisha nikasimama mbele ya meza ya muuzaji sina pa kuvitia. Mama yule alinitazama, akautazama mkoba wangu uliojaa makaratasi, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hata kikapu nyumbani hamna?" Nilikuwa nimewahi kutunga shairi zima juu ya kikapu, na shairi hilo lilichapishwa gazetini. Kikapu chenyewe sikuwa nacho.

Swali la mama yule ndilo lililonifikisha kwenye insha hii. Nilitaka kurekebisha maisha ya nyumbani kwangu yasiwe ya kununua na kutupa, nikadhani jambo hilo ni la sheria, la bei na la mazingira. Nilipoanza kulitenda nikagundua kwamba ni jambo la lugha vilevile. Kila kitu nilichokitafuta kilikuwa na jina ambalo nililijua nusu, au nililijua katika methali tu bila kuwahi kukiona kitu kinachotajwa. Kwa hiyo nilirudi nyumbani kwa marehemu bibi yangu, Tanga, kuvitafuta vitu pamoja na majina yake.

Kule nilimkuta shangazi yangu akisafisha chumba cha bibi. Binamu zangu walikuwa wameweka mlangoni rundo la vitu vya kutupwa: kikapu cha ukindu kilichotoboka kitako, kata ya kifuu isiyo na mpini, kifumbu kilichokauka, mkeka uliochakaa hadi katikati kuonyesha sakafu, na mviringo wa ukili ambao bibi aliusuka na hakuwahi kuumaliza. Niliuinua ule mkeka nikauliza, "Shangazi, na huu nao utupwe?" Akajibu bila kugeuka: "Usitupe mbachao kwa msala upitao."

Methali hiyo nilifundishwa shuleni, na niliikariri kama watoto wote. Maana yake niliijua: usiache kilicho chako kwa ajili ya kizuri kinachopita. Lakini siku ile ndipo nilipomshika mbacha kwa mikono yangu kwa mara ya kwanza nikiwa najua kuwa nimemshika. Samahani, msomaji, nimesema "nimemshika" kana kwamba mbacha ni mtu, na nitaeleza kwa nini kosa hilo si kosa kubwa.

Mbacha ni nduguye nani?

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia, na jina lake limetoka katika Kiarabu. Neno "mbachao" wengi hulichukua kuwa neno moja lisiloeleweka, lakini ni "mbacha wako" lililofupishwa, kama tunavyosema mwanao, mkeo, mumeo, mwenzio. Katika Kiswahili cha leo cha nathari, ufupisho huo tumewabakizia zaidi watu wetu wa karibu. Washairi wa zamani waliutumia hata kwa vitu na kwa viungo vya mwili, na watunzi wa leo wangali wakiutumia mizani inapowabana. Methali imeuhifadhi, na kwa masikio ya leo imeuweka mkeka uliochakaa katika safu moja na mke, mume na mwana.

Tazama pia jinsi lugha ilivyofanya kazi hapa. Mkeka ulipochakaa haukuitwa takataka. Ulipewa jina jipya, na pamoja na jina ukapewa cheo kipya na kazi mpya. Mkeka ni wa mgeni. Mbacha ni wa kuanikia, wa kukalia uani wakati wa kuchambua mchele, wa kulazia mtoto mchana. Kitu chenye jina kina mahali pake nyumbani. Kisicho na jina ndicho kinachokwenda jaani.

Nilipoitambua kanuni hiyo nikaiona kila mahali. Nazi haikuwa nazi tu. Ilianza kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi, na ikikaukia ndani ya kifuu chake huwa mbata. Ikishakunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa tui kwa kifumbu, kilichobaki kinaitwa chicha, nacho ni chakula cha kuku. Kifuu kikawa kata, upawa au kuni. Kumbi likatoa usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Kuti likasukwa likawa paa, ua au pakacha. Vijiti vya katikati ya majani vikawa chelewa za ufagio, na upongoo ukatiwa jikoni. Ukiwauliza wazee ni sehemu gani ya mnazi inayotupwa, watafikiri kwa muda, na pengine watakosa jibu.

Ushahidi wa mgeni mmoja

Je, nyumba hizi zilikuwa hivi tangu lini? Mwaka 1331 msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alipita katika pwani hii akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja Mombasa. Katika mambo machache aliyoyaeleza juu ya mji huo, mawili yanatuhusu. Anasema kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, vya kina cha dhiraa moja au mbili, na watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Na anasema kwamba aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni.

Nilipousoma ufafanuzi huo nikiwa na kata ya bibi mbele yangu, nilicheka peke yangu. Chombo kilichotiwa kijiti: ndiyo kata hiyo, iwe ya mti au ya kifuu. Na mkeka mnene wa kupangusia miguu: ni jamvi, au pengine ni mbacha, mkeka uliomaliza kazi yake ya kwanza ukapewa ya pili. Msafiri aliyeona majumba ya wafalme kutoka Afrika ya Kaskazini hadi Uchina aliona inafaa kuziandika kata na mkeka wa Mombasa. Sisi wenyeji hatukuviandika, tulivitumia.

Kata ina hekima yake. Huchota kiasi. Mtu anayetawadha kwa kata huyaona maji anayoyatumia, huyahesabu hata bila kutaka kuyahesabu. Waislamu wa pwani walifundishwa kwamba israfu ya maji imekatazwa hata kwa anayetawadha kando ya mto unaopita. Neno hilo, israfu, bibi alilitumia zaidi ya neno lolote lingine la kukemea. Hakuwahi kusikia "maendeleo endelevu". Alisema "msifanye israfu", akafunika mtungi.

Kilichobaki ardhini na kilichobaki mdomoni

Wanaakiolojia wamechimba miji yetu ya kale kwa miongo mingi: James Kirkman huko Gedi kuanzia mwaka 1948, Neville Chittick huko Kilwa katika miaka ya 1960, Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980. Wote walitegemea sana jaa, yaani mahali watu walipotupa vitu. Historia kubwa ya Waswahili, ya biashara na Uajemi, Bara Hindi na Uchina, imesomwa kwa sehemu kubwa katika vigae vilivyotupwa.

Na hata katika jaa hilo, uhifadhi unaonekana. Miongoni mwa vitu vilivyochimbuliwa Kilwa na kwingineko mna vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa mviringo na kutobolewa katikati, vikatumiwa kuwa uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Vingine vina mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa shanga. Chungu kilivunjika, lakini kigae chake kikaenda kazini. Bibi yangu naye alikuwa na kigae cha kufukizia ubani, na alikipenda kuliko chetezo cha dukani alicholetewa zawadi.

Lakini fikiri juu ya kile ambacho wachimbaji hawa hawakukiona. Mikeka, majamvi, vikapu, makanda ya nafaka, mapakacha, kawa za kufunikia chakula, vifumbu, kamba za usumba, paa za makuti: vyote hivyo vilioza. Karibu nusu ya nyumba ya Mswahili, na pengine zaidi, ilitokana na majani, na majani yalirudi udongoni. Hata mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20, nasi tunaujua zaidi kwa picha na maandishi kuliko kwa mbao.

Hapa ndipo nilipofikia jambo ambalo insha hii inataka kulisema. Nyumba isiyotupa haiachi jaa, na nyumba isiyoacha jaa haiachi historia ardhini. Historia yake imebaki mahali pamoja tu, nako ni katika maneno. Kigae kikisahauliwa miaka mia sita, mchimbaji atakifukua. Neno "kifumbu" likisahauliwa kwa vizazi viwili, hakuna jembe litakalolifukua, na kitu chenyewe hakitakuwapo kulithibitisha.

Methali zimekuwa ghala la vitu hivyo. "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi" haieleweki vyema kwa mtu asiyejua kwamba pakacha husukwa kwa kuti bichi, upesi upesi, na kwamba matundu yake hupitisha vitu vidogo. "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa" inamtaka msikilizaji awe ameshika vyote viwili: kamba ya usumba iliyosokotwa, ambayo hata ikizeeka inafunga ng'ombe, na ukambaa wa majani, ambao hata ukiwa mpya hukatika. Na "maji ya kifuu, bahari ya chungu" imewapoteza wengi wanaodhani chungu ni cha kupikia; chungu wa hapa ni yule mdudu mdogo, jamaa ya sisimizi, ambaye kifuu kimoja cha maji kwake ni bahari nzima. Methali hizi tatu, pamoja na ile ya mbacha, ni chumba kizima cha bibi.

Kanga, debe na rambo

Nisidanganye kwamba desturi hii iliishia kwenye majani. Viliingia vitu vya viwandani, na lugha ikavipokea kwa mtindo uleule. Katika karne ya 19 leso za vipande, zenye jina la Kireno, zilishonwa pamoja na wanawake wa pwani wakazivaa. Kutoka huko tukapata kanga. Doti moja ya kanga ilikuwa na maisha marefu kuliko sherehe iliyonunuliwa kwa ajili yake. Ilianza kuwa vazi la kutokea, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikaishia kuwa tambara la kushikia sufuria. Katika chumba cha bibi nilikuta tambara lenye nusu ya maneno ya kanga. Neno la kwanza na la pili yalikuwa yamebaki, mengine yalikwenda na kipande kilichotumika kwingine. Shangazi na mimi tulikaa tukijaza maneno yaliyopotea kama watu wanaotegana vitendawili, na hatukukubaliana hadi jioni.

Mafuta ya taa yalikuja katika debe, na debe likakataa kutupwa. Likawa la kuchotea maji, likawa kipimo cha mahindi na mchele, likakunjuliwa likawa ukuta au paa. Mikebe midogo ikaenda kwa fundi ikarudi ikiwa koroboi. Tairi la gari lililokwisha likawa katambuga. Kila mara mpango ni ule mmoja: kitu kikimaliza kazi ya kwanza, kinapewa jina na kazi ya pili.

Kisha ukaja mfuko wa plastiki. Mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Uswidi ilipata hataza ya mfuko wenye vishikio uliobuniwa na mhandisi wake, Sten Gustaf Thulin. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alizoea kuukunja mmoja na kuutia mfukoni ili autumie tena. Kwa maneno mengine, hata aliyeubuni aliufanya pakacha. Ni sisi, duniani kote, tulioufanya taka. Kwetu tuliuita rambo, kwa jina la shujaa wa filamu za Marekani, na jina hilo moja lilimeza majina yote. Kikapu, kanda, tumbi, pakacha, dohani, kila kimoja na umbo lake na mzigo wake, vyote vikawa rambo. Marambo yalipozagaa kwenye mitaro hayakuwa na jina la pili, kwa sababu hayakuwa na kazi ya pili. Rwanda iliyapiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, nasi tukafuata mwaka 2019. Sheria iliuondoa mfuko. Majina yaliyomezwa haikuyarudisha, kwa kuwa hiyo si kazi ya sheria.

Upande ambao bibi hakuupenda

Nilimsimulia shangazi mawazo haya kwa furaha kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, unaisifu kamba. Makumbi uliwahi kuyapiga?"

Sikuwa nimewahi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi mingi mpaka yaoze na kulainika. Kisha wanawake huyafukua, huyapiga kwa magongo, huyaosha na kusokota usumba wake, wakiwa wameinama ndani ya maji yanayonuka. Kamba iliyoshona mtepe ilipita katika migongo hiyo. Vivyo hivyo mtungi: ni kweli maji yake ni baridi, kwa kuwa hupenya kidogo kidogo katika udongo na kukauka nje, yakachukua joto pamoja nayo. Lakini mtungi uliojaa ni mzigo mzito kichwani mwa msichana, na shangazi alikuwa msichana huyo. Ndoo ya plastiki ilipofika Tanga, alisema, yeye na wenzake waliipigia vigelegele.

Wala kila kitu cha kale hakikuwa cha kuhifadhi mazingira. Mikoko ilikatwa kwa maboriti yaliyopakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi. Na uangalifu mwingi wa bibi haukutokana na hiari. Ulitokana na kutokuwa na kitu. Ni vibaya kwa mtu mwenye mshahara kuugeuza ufukara wa wazee wake kuwa pambo.

Nililipokea karipio hilo, na limebadilisha namna ninavyoishi na ninavyoandika. Ndoo yangu ya plastiki ninayo, nami sitaitupa. Nayo imekuwa ya kwangu, na siku itakapopasuka itapandwa mchicha. Nimejifunza kwamba swali la haki si "nini cha zamani na nini cha kisasa", bali "kitu hiki kitakuwa nini baadaye, na nani ataibeba kazi hiyo?" Katika nyumba yangu kazi hiyo sasa ninaibeba mimi pamoja na watoto, wa kiume kwa wa kike. Ninaona pia masokoni akina mama wanaosuka vikapu kwa mikanda ya plastiki inayofungiwa maboksi. Mkono ule uliosuka ukindu umeikamata plastiki yenyewe na kuipa kazi ya pili. Bibi angecheka, kisha angeuliza bei.

Raha ndogo

Nimeulizwa na rafiki zangu kama maisha haya yana taabu. Yanayo, na yana raha ambazo sikuzitarajia. Asubuhi ninausikia ufagio wa chelewa ukipita mchangani, sauti iliyoniamsha utotoni. Ukindu uliolowekwa maji una harufu ya nyasi baada ya mvua. Maji ya kuoshea mchele huyapeleka kwenye mche wa mpilipili, na kila siku huchungulia kama umetoa ua. Chicha ninampelekea jirani mwenye kuku, naye huniletea yai, ingawa hatukuwahi kuagana. Na kikapu kimenipa salamu. Kwa miaka mingi nilipita sokoni na rambo na hakuna aliyenisemesha. Sasa sipiti hatua kumi bila mzee mmoja kukishika, kukigeuza kitako na kuniuliza kimesukwa wapi. "Shikamoo" yangu haijaisha naye ameshaanza kunitajia majina.

Raha iliyo kubwa kuliko zote ni hiyo ya majina. Binti yangu wa miaka sita anaweza kupambanua koroma na dafu kwa kutikisa. Alipoulizwa na mwenzake kifumbu ni nini, alijibu: "Ni rambo la nazi." Nililitafakari jibu hilo nikaona si baya. Neno linarudi kwa kuegemea lile lililolifukuza.

Sisi watunzi tuna sababu ya ziada ya kuyajali haya. "Ubeti" umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. "Kutunga" ni kutia shanga, samaki au maua katika uzi mmoja kabla ya kuwa kutunga mashairi. Visa tunavisuka kama ukili. Sanaa yetu ilikopa msamiati wake kwenye chumba kilekile cha bibi. Mtunzi anayeandika "mkeka" kila mahali kwa kutojua busati, jamvi, kitanga, msala na mbacha, anaishi katika nyumba ya chumba kimoja ilhali amerithi jumba. Ludwig Krapf, mgeni aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwauliza wenyeji jina la kila kitu, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. Wanaleksikografia wetu wa Dar es Salaam walitupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Lakini kamusi inaweza kukuambia kwamba chane ni ukanda mwembamba wa jani. Haiwezi kukuambia chane yako ni pana mno. Hilo niliambiwa na shangazi, mara nne.

Maana hatimaye nilimwomba anifundishe kuumalizia ule ukili. Aliushika, akaupitisha vidoleni akiwa amefumba macho, akasema: "Mkono wa mama huu." Akanionyesha mahali bibi alipokuwa akibadilisha chane, na mahali ambapo macho yalianza kumpungukia, ukili ukaanza kulegea. Nilikaa naye siku nne. Niliupasua ukindu vibaya, nikaukata, nikausuka ukapinda, akaufumua, nikaanza tena. Kipande changu, kilipokamilika, hakikuzidi urefu wa mkono wangu. Pale ulipoishia mkono wa bibi na kuanza wangu, mtoto mdogo angepaona.

Mkeka mpya aliokusudia bibi hautakuwapo, ukili hautoshi. Tuliutumia kumzibia mbacha pengo la katikati, shangazi akishona nami nikivuta uzi. Sasa yuko sebuleni kwangu Dar es Salaam, na watoto humlalia mchana kwenye joto. Wageni huuliza kwa nini sinunui mkeka mpya. Huwajibu kwa methali ile, nao hutikisa kichwa kwa kuijua, kisha baadhi yao huinama kumtazama, na kuuliza: "Kumbe mbacha ndiye huyu?"

Ninakuomba, msomaji, uliye Lamu au Pemba, Bagamoyo au Mikindani, au uliye mbali na pwani ukiwa na bibi aliyetoka huko: kabla ya kutupa kitu cha mzee, muulize jina lake, na jina la kila sehemu yake, na kilikuwa nini kabla ya kuwa hicho. Ukirudi na neno moja ambalo hukulijua, liandike. Shangazi yangu ana miaka sabini na tisa, na bado sijamuuliza yote.